Arobaini na Watatu Waliosema Ndiyo

Njeri,

Umetoka hapa saa nane ukisema unafika mtaa wa Pioneer mara moja kuaga marafiki, unarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi yako naijua tangu ukiwa darasa la kwanza. Oveni iko katikati ya sebule, umeifunga kamba kama mbuzi wa Krismasi, nimeshaigonga na goti mara mbili, na kila nikipita naona ile karatasi uliyobandika ubavuni kwa kalamu nyekundu: 0.86. Nimeona heri niketi nikuandikie kabla sijaibandua hiyo karatasi nikawashia jiko.

Sitakuandikia mambo ya kufunga mlango na kuvaa sweta. Hayo nimekwambia miaka ishirini na mitatu na umeyasikia kwa sikio moja tu. Nataka kuandika juu ya hiyo nukta nane sita, kwa sababu kila nikiifungulia mdomo wewe unasema, "Mama, wacha basi," na mimi napandisha sauti, na babako anatoka nje kuangalia kuku ambao wala hawana shida yoyote.

Wewe ni mtu mzima. Umeacha kazi ya duka la dawa za mifugo hapa mjini, kazi ambayo watu wanaitafuta kwa magoti. Umeuza yule mtamba ambaye cucu, nyanya yako, alikuachia, na kesho asubuhi unaenda Moi's Bridge kufungua duka la keki. Moi's Bridge, Njeri! Watu wa mahindi! Watu ambao ukiwaambia chakula kitamu wanakuuliza kama ni ugali wa moto. Lakini sawa, si nilinyamaza? Nilinyamaza wiki nzima, na unajua hiyo kwangu ni kazi.

Halafu Jumapili nikauliza swali moja, kwa upole kabisa, nani atanunua hizo keki. Hukunijibu kama mtu. Ulileta kompyuta mezani, ukasukuma sahani ya babako kando akiwa bado anakula, ukaanza kunifundisha. "Mama, nimefanya utafiti. Nimeuliza watu hamsini. Arobaini na watatu wamesema watanunua. Arobaini na tatu gawanya kwa hamsini, unapata nukta nane sita. Huo ndio uwezekano wa majaribio. Si maoni yangu, ni hesabu." Babako akatazama kompyuta, akatazama sahani yake kule mbali, akasema, "Si umuache aende." Huyo naye ana yake, tutaongea naye siku nyingine.

Sasa nisikilize. Hesabu yako iko sawa. Niliirudia kwa simu ukiwa umelala na ikatoka vile vile. Waliosema ndiyo juu, walioulizwa wote chini, unagawanya. Hata mimi niliacha shule darasa la nane najua hivyo. Kilichoniudhi ni hao watu. Ulichukua karatasi zako ukaenda kwa watu gani, mtoto wangu?

Ishirini ni wa kwaya yetu hapa Munyaka. Ishirini! Watu ambao hawajawahi kwenda Moi's Bridge ila kuwe na mazishi, na hapo wanaenda na basi la kanisa na kurudi jioni. Ati mama wa sauti ya kwanza ataamka siku moja apande gari aende kule kwa sababu anahisi hamu ya keki. Nilipokuuliza ulisema, "Mama, hao ni sampuli tu." Haki, nilitaka kulia.

Hao thelathini wengine ndio walinimaliza kabisa. Uliwaulizia kule Moi's Bridge, kwa stoo ya dada yangu Wangari, tata yako, mwezi wa kumi na moja, wakati wa kuvuna. Ulisimama kando yake, na karatasi yako, na sahani ya keki iliyokatwa vipande, ukiuliza wakulima waliopanga foleni kumuuzia mahindi. Njeri. Mtu amelala kwa foleni na trekta la kukodi. Mahindi yake yako mbele ya Wangari, na Wangari ameshika kile kimashine cha kupima unyevu, na yeye peke yake ndiye atasema kama ni makavu au yarudishwe nyumbani yakaanikwe tena. Halafu mtoto wa dada yake, anayefanana naye hata pua, anamuuliza huyo mtu kwa heshima, "Mzee, nikifungua duka la keki hapa utakuwa ukinunua?" Na kipande cha hiyo keki kiko mdomoni mwake! Huyo angesema nini? Ungemuuliza kama atanunua ndege angesema atamnunulia na bibi yake.

Nilikuuliza wangapi kati yao walikuwa bado hawajapimiwa mahindi. Ukanijibu, "Hiyo haikuwa kwa hojaji." Basi mimi nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Na mwezi wa kumi na moja, kwani wewe umezaliwa nchi gani? Hiyo ndiyo miezi watu wa kule wana kitu mfukoni. Kuna harusi, kuna kupeleka mahari ya ruracio, kuna watoto wanafunga shule. Hata mimi mwezi huo ningesema ndiyo kwa keki. Sasa hivi ni kupanda. Kila kitu mtu alikuwa nacho kiko ndani ya udongo, mbegu na mbolea, na anaangalia juu kama mvua itaendelea. Wewe umeuliza watu walioshiba kama watakula, halafu unaenda kuwauzia wakiwa wanafunga mshipi.

Unafikiri nakusema kwa sababu najua sana. La. Nakusema kwa sababu nimewahi kuwa mjinga wa aina hiyo hiyo, na hakuna kitu kinachonikasirisha kama kuona ujinga wangu umevaa miwani na una kompyuta.

Ulikuwa darasa la pili. Nilikuwa ndio nimenunua ile mashine ya kufuma, na nilikuwa na akili ya kufuma sweta za shule nyingi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Sikutaka kufanya kwa kubahatisha, nilitaka uhakika, kama wewe. Ushirika wa akina mama ulikuwa kwetu wiki hiyo. Nikapika chai ya maziwa matupu, nikakaanga mandazi, tukaomba, tukaimba, na watu wakiwa na vikombe mkononi nikasimama nikauliza, "Jameni, nikifuma sweta za watoto, nani atachukua kwangu?" Mikono yote ikapanda. Yote! Mama Atieno wa hapo nyuma, unamjua alivyo, aliweka kikombe chini akainua miwili. "Mama Njeri, za watoto wangu wote, usiniache nyuma!"

Nilifuma likizo nzima. Babako alikuwa akijipikia. Wewe ulikuwa ukilala juu ya mabunda ya uzi. Shule ikafunguliwa, nikakaa hapo mlangoni kungoja watu, na watoto wa Munyaka wakapita mbele yangu kwenda shule na sweta za mwaka jana, mikono imefika kwa kiwiko, na wengine na mpya za dukani. Wa Mama Atieno walipita wote, na wakanisalimia kwa adabu sana.

Niliwachukia hao wanawake. Nasema wazi kwa sababu hukujua. Nilikuwa naenda kanisa naketi nyuma, wakisema tuombeane nafunga macho mapema ili mtu asinishike mkono. Kwangu walikuwa waongo, na waongo wa kanisani ni wabaya zaidi. Mambo yaliendelea hivyo mpaka siku Mama Atieno alikuja jikoni na bakuli la omena kama kwamba hakuna kitu, na mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Wewe kwa nini uliinua mkono? Na si mmoja, miwili!" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Ai yawa, Mama Njeri! Sasa ningekataaje, nimeketi kwa kiti chako na chai yako nimeishika? Nikuaibishe mbele ya watu? Mimi nakupenda."

Nilitaka kumfukuza na omena yake. Lakini nilipolala nikaona hakudanganya. Mimi niliuliza habari ya sweta, na yeye akajibu habari ya mimi na yeye. Wote walijibu hivyo. Nilikuwa nimehesabu wanaonipenda, nikadhani nimehesabu wateja, na nikanunua uzi kwa hesabu hiyo.

Babako ndiye aliniambia, na hii nampa, nizitoe chini ya kitanda nizitundike kwa waya kando ya barabara kubwa, mahali hakuna anayenijua. Nikafanya hivyo. Sikuuliza mtu kitu. Niliketi tu nikiangalia nani anapita, nani anasimama, nani anashika, nani anatoa mkono mfukoni. Wanunuzi walikuwa wachache, Njeri, ningekuonyesha hiyo hesabu yako ya kugawanya ungecheka. Lakini walikuwa wa kweli. Na wala hawakutaka za shule. Walikuwa wakigeuza geuza wakiuliza kama kuna za watoto wachanga, kwa sababu ya baridi ya hapa. Ningeuliza ushirika miaka kumi hakuna angeniambia hivyo. Za watoto wachanga ndizo zimekusomesha mpaka ukajua neno hojaji.

Unasema majaribio, majaribio. Ulijaribu nini? Wewe uliuliza. Kuuliza mtu kama atanunua ni kitu kimoja, na kuweka keki mezani uone kama atanunua ni kitu kingine, na hizo mbili ukizichanganya ndipo mtu anauza mtamba. Hivyo ndivyo nilitaka kukwambia Jumapili, badala yake nikasema keki zako zitaliwa na panya. Hiyo sikufaa kusema.

Sasa nifike kwa ile sehemu nimekuwa nikiizunguka tangu nianze kuandika, na nitaiandika haraka kabla hujarudi.

Jumanne nilikwambia naenda Kitale kutafuta uzi. Sikufika Kitale. Nilishuka Moi's Bridge. Na zile keki ulinipikia nipelekee ushirika, ukazipanga vizuri kwa kikapu na kitambaa juu, ushirika haujawahi kuziona. Nilienda nazo. Nikasema huyu mtoto hanisikii kwa maneno, wacha nimletee hesabu yake mwenyewe. Nikatafuta mahali mbali na stoo ya Wangari, kando ya duka la viatu vya gambuti, nikaomba kiti, nikakata vipande, nikaketi. Kila aliyesimama kuangalia nikamuweka kwa hesabu, na kila aliyenunua nikamuweka kwa hesabu. Walisimama thelathini. Walionunua ni sita.

Sita gawanya kwa thelathini. Nukta mbili! Niliifanya kwa simu hapo hapo, mikono ikiwa na sukari. Unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Mama mzima, nimeketi kwa matope Moi's Bridge, keki ya mtoto wangu haijanunuliwa, na mimi nafurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nilikuwa nakuja kukuwekea hiyo nukta mbili juu ya meza nikwambie haya, profesa, jibu hii.

Nikapanda gari kurudi, na hapo karibu na Soy furaha ikaanza kunitoka. Nilianza kujiuliza kwa nini nilienda Jumanne wakati siku ya soko kule naijua vizuri. Niliamka nikaona mvua, nikasema leo ndiyo siku. Nani hununua keki akiwa amejifunika gunia kichwani? Bei nayo, Njeri, niliongeza. Haikuwa bei yako, niliitoa kichwani mwangu, na nilijua ni ya juu. Kuna mama mmoja, alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine kwa mkono, aliinama akaniuliza vizuri, "Na hizi ni tamu?" Nikamwambia, "Sijui, ni za mtoto." Yule mama alinitazama! Akaenda zake, na huyo mdogo akigeuka nyuma kuangalia kikapu. Huyo alikuwa mteja. Mimi ndiye nilimfukuza.

Kwa hivyo nukta mbili yangu ni takataka kama nukta nane sita yako. Mimi nilikuwa nakusema umesimama na Wangari kando, kumbe mimi nilijiweka kando yangu mwenyewe, na nilitaka wakatae. Nimekaa na hiyo siku zote hizi nikikugombeza juu ya masanduku na kamba, na kila ukiniuliza, "Mama, shida ni nini?" nasema hakuna.

Na zilizobaki nilizila kwa gari. Unajua mimi si mtu wa keki. Nilikula kipande, nikala kingine, mpaka kondakta akaniomba nikampa, akaomba tena. Zilikuwa tamu sana, Njeri. Nilikasirika vibaya.

Nilikasirika kwa sababu ningependa ziwe mbaya. Zingekuwa mbaya ningekwambia ukweli na ungebaki, ungerudi kwa lile duka la dawa, na jioni ningekuwa nakusikia ukifungua geti. Watu wa kwaya walikuambia ndiyo kwa sababu wanakupenda. Mimi nilikuambia hapana kwa sababu hiyo hiyo, na jibu langu halikuwa bora kuliko lao.

Ukweli ni kwamba hakuna anayejua. Si wewe, si mimi, si kompyuta yako. Utajua ukiwa kule, na utajua pole pole. Usianze na kulipia nyumba mwaka mzima. Weka meza. Usimwambie mtu wewe ni wa Wangari, na ukimuona anakuja kukusaidia kuita watu mrudishe kwa mahindi yake. Usigawe vya bure. Weka siku ya soko na siku isiyo ya soko, siku ya mvua na siku ya jua, sasa wakiwa wanapanda na baadaye wakivuna, na uangalie wanaopita na wanaotoa pesa. Siku moja haikwambii kitu, nimejionea mwenyewe Jumanne. Zikiwa nyingi zitaanza kukwambia kitu, na huenda kikawa kitu ambacho hukuuliza, kama zile za watoto wachanga.

Kinachoninyima usingizi si keki. Keki zikikataa, zimekataa, dunia haijaisha. Ninachoogopa ni simu. Najua nitakupigia nikuulize biashara iko aje, na wewe utasema, "Iko sawa, Mama, tunashukuru." Utasema hivyo hata kama hujauza kipande wiki nzima, kwa sababu umelelewa na mimi na kwetu mtu hamwambii mwenzake vibaya usoni. Na mimi nitasema, "Haya, Mungu ni mwema," nikate, na nitaamini. Ndivyo mtu anapotea akiwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwao. Mimi nilikaa nyuma ya kanisa karibu mwaka mzima kwa aibu ya sweta, na nilikuwa na nyumba hapo karibu. Wewe utakuwa peke yako na oveni.

Kwa hivyo nakuomba, na unajua mimi kuomba si kazi yangu. Mimi uniambie vile ilivyo. Wengine wote waambie iko sawa, tata yako, kwaya, hata babako ukitaka, atafurahi ale kwa amani. Lakini mimi uniambie, "Mama, leo hakuna," na usinielezee zaidi. Sitasema nilikwambia. Nitajaribu. Nikishindwa nikasema, kata simu, nitapiga tena nikiwa nimepoa. Na siku utasema sasa imetosha, rudi na usipite njia ya nyuma. Oveni tutaiweka hapo hapo ilipo, nimeshaizoea.

Nasikia pikipiki kwa geti. Saa kumi na mbili kasoro, sasa hivi yako ndiyo hiyo imefika. Nitaiweka barua hii ndani ya oveni, utaikuta ukifika kule ukiifungua, na kwa sababu hiyo kuna kitu kimoja lazima nikiandike sasa.

Kesho asubuhi, mizigo ikiwa kwa gari, utanishika mkono uniulize, "Mama, lakini wewe uko sawa nikienda?" Nitasema ndiyo. Hiyo usiihesabu.

Mamako